Bibi akisema "tulikula", uliza tena: namna ya kutafiti hali ya wazee wanaolea wajukuu

Siku yangu ya kwanza Muleba, mkoani Kagera, nilimwuliza bibi mmoja swali jepesi kuliko yote kwenye dodoso: "Bibi, jana usiku ulikula nini?" Akajibu, "Tulikula ndizi na maharage." Nikatia alama, nikahamia swali linalofuata. Kesho yake nikarudi kuchukua mwavuli niliousahau, nikamkuta mjukuu wake wa darasa la pili anaosha vyombo vya jana. Sahani mbili, na nyumba ile ina watu watatu. Nikamtania: sahani ya tatu umeila? Akacheka. "Bibi hali usiku. Anakunywa chai."

Bibi hakunidanganya. Nyumba ilikula. Mimi ndiye niliyesikia "tulikula" nikaandika "alikula".

Nimefanya kazi ya udadisi miaka mingi, mwenyeji wa Tanga niliyezoea kuingia nyumba za watu kuanzia Pwani hadi Ziwa, na hakuna watu walionipa kazi kama bibi na babu wanaolea wajukuu. Si kwamba ni wakali. Wanajibu kwa niaba ya nyumba. Ukimwambia "hujambo bibi", anakwambia "hatujambo". Ukimwuliza analala vipi, anakueleza kikohozi cha mtoto. Ukimwuliza mwili wake, utasikia habari za viatu vya shule. Unarudi mjini na madaftari yamejaa, lakini humo ndani bibi hayumo. Haya ninayoandika ni kwa yule anayekwenda uwandani kwa mara ya kwanza, awe mwanafunzi wa ustawi wa jamii au mtu wa shirika, ili arudi na bibi mwenyewe.

Mtoto alifikaje hapa?

Kabla ya sampuli na vibali, jua ni kwa nini mtoto yuko kwa bibi. Kagera ina historia yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa huko, mwaka 1983, na miaka iliyofuata ilizika baba na mama wa nyumba nyingi, wakabaki wazee na watoto. Nshamba, wilayani Muleba, ndiko shirika la Kwa Wazee lilikoanza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, na wengi wa wazee hao walikuwa wakilea wajukuu. Mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure nchini, na picha ikaanza kubadilika.

Lakini madodoso hayakubadilika upesi. Bado nakutana na fomu ambayo swali lake la kwanza ni "mzazi yupi amefariki?" Unamwuliza hivyo bibi ambaye binti yake yuko hai, anauza mitumba Mwanza! Watoto wa leo wanafika kwa bibi kwa njia nyingi: mama yuko Dar, mama amekwenda Oman kufanya kazi za ndani, mama ameolewa na mume asiyetaka mtoto wa nje, msichana alipata mimba akiwa shuleni, baba yuko gerezani. Na wapo walioletwa kama watoto walivyoletwa tangu enzi, wakamchotee bibi maji na kumwashia moto. Huyo wa mwisho bibi hamwoni kama mzigo hata kidogo, na ukimweka kapu moja na yatima utakuwa umeharibu hesabu yako yote.

Tofauti hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Nilichokiona mimi ni kwamba bibi aliyefiwa ana huzuni, lakini hasubiri. Bibi ambaye mtoto wake yuko hai na hatumi kitu, anasubiri. Kila simu ikilia anainuka. Ana hasira ambayo hawezi kuisema mbele ya mjukuu, kwa sababu anayemkasirikia ni mama wa huyo mjukuu. Hasira hiyo hutaiona kwenye kisanduku cha "yatima / si yatima". Basi anza na "mtoto huyu alikujaje hapa kwako?" kisha nyamaza. Nyamaza kweli, usimsaidie.

Nani aingie kwenye utafiti

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtaja mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Ukiishika namba hiyo kama sheria utawaacha nje mabibi wengi. Binti aliyezaa akiwa na miaka 18, na binti yake naye akazaa akiwa na 18, ni bibi akiwa na miaka 36. Huyo bado anazaa mwenyewe, analima, anauza, na analea mjukuu kama mdogo wa mwanawe wa mwisho. Hali yake si ya bibi wa miaka 75, lakini ni mlezi vilevile. Mimi huchukua yeyote anayemwita mtoto "mjukuu wangu" na anayemlisha, halafu umri nautenganisha baadaye kwenye uchambuzi.

Jambo la pili ni mzazi anayeishi humo kwa jina. Usiulize "mama wa mtoto anaishi hapa?" Utaambiwa ndiyo, kwa heshima ya mama. Uliza: "Mwezi uliopita alilala hapa siku ngapi?" Siku mbili, siku ishirini. Hapo unaanza kuelewa.

Orodha ya mtendaji wa kijiji ni nzuri ya kuanzia lakini usiishie hapo. Ina watu wanaojulikana ofisini. Nenda kwa mwalimu mkuu, au kwa mwalimu wa darasa ambaye anajua nani huja kwenye mkutano wa wazazi akiwa na mkongojo. Waulize wahudumu wa afya wa jamii. Na uwaulize wote kuhusu mababu, maana hawa hupotea. Kijiji kizima kitakwambia "wanaolea ni akina bibi", kisha njiani unamkuta mzee wa miaka 70 anamsuka mjukuu nywele barazani, mjane, hayumo kwenye orodha yoyote.

Utahitaji pia wazee wasiolea. Hapa wanafunzi wengi huteleza. Ukiwahoji walezi peke yao, kila goti linaloumwa utasema limeletwa na mjukuu, kumbe magoti ya jirani yake asiye na mjukuu yanauma vilevile. Tena mara nyingi mjukuu hupelekwa kwa bibi mwenye nguvu, si kwa aliyelala kitandani. Kwa hiyo unaweza kuwakuta walezi wana afya nzuri kuliko wenzao ukadhani kulea ni dawa.

Vibali havina hadithi ndefu. Tanzania ni COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kama unagusa afya ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwa upande wa maadili. Kenya ni NACOSTI, tume yao ya sayansi. Kisha barua inashuka mkoa, wilaya, kata, kijiji, na kila mahali kuna muhuri na kuna anayeushika aliyekwenda msibani. Tenga wiki mbili. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, majina na namba za simu za watu si mali yako ya kubeba ovyo kwenye flashi, kwa hiyo tenga karatasi ya majina na karatasi ya majibu tangu siku ya kwanza.

Kinachohitaji akili ni TASAF, ule mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini ruzuku. Mgeni mwenye kishikwambi akifika na mtendaji, mzee anaona uandikishaji wa kaya maskini. Majibu yanageuka. Bibi mmoja aliniletea wajukuu watano, wamekaa mstari kwenye mkeka, wamepakwa mafuta. Katikati ya mahojiano mama wa jirani akaita nje, wawili wakainuka wakaenda kwao. Bibi alinitazama, nami nikamtazama, tukacheka mpaka machozi. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimevaa fulana yenye nembo na nimesindikizwa na mtu wa ofisi. Siku hizi mwenyekiti wa kitongoji hunitambulisha mlangoni, anaondoka, na sentensi yangu ya kwanza baada ya shikamoo ni kwamba siandikishi mtu wala sina pesa ya kugawa. Kama kuna sabuni au sukari ya shukrani, kila mtu anapata kiasi kilekile, aliyejibu yote na aliyekataa katikati.

Kuingia na kukaa

Nenda baina ya saa tano na saa saba mchana. Asubuhi bibi yuko kwenye kibanja, yaani lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, na alasiri watoto wamerudi. Unataka muda ambao mjukuu hayupo. Hakuna bibi atakayesema "nimechoka" huku aliyemchosha anamtazama na macho ya miaka minane. Usiende siku ya gulio wala siku ya kliniki.

Kiti ni kimoja? Usikikalie. Atakupisha, na utakuwa umeanza kwa kumnyang'anya. Kaa kwenye mkeka. Kama anachambua maharage, chambua naye. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hausubiri maswali. Na hapo unapata kipimo bure: anayashika maharage karibu na pua, au anapitisha vidole kutafuta mawe bila kutazama. Yale maswali sita mafupi ya ulemavu yanayotumika kwenye sensa, kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, uliza kama yalivyo, lakini pembeni andika ulichokiona kwenye ungo.

Kagera wazee wengi wanasema Kihaya kuliko Kiswahili, na mimi Kihaya changu kinaishia kwenye salamu. Mkalimani basi. Asiwe mjukuu mkubwa wa nyumba ile, hata kama ana Kiswahili kizuri na yuko hapo hapo. Asiwe jirani. Tafuta mtu wa kata nyingine, mwanamke mtu mzima kama unawahoji mabibi. Na kaa naye siku nzima kabla ya kuanza, mpitie kila swali. Mwambie hivi: bibi akisema "sisi" wewe sema "sisi", akisema "mimi" sema "mimi", usinisafishie. Mkalimani wangu wa kwanza alikuwa hodari sana, na kwa uhodari wake alikuwa akinifupishia. Bibi anaongea dakika tatu, yeye anasema, "Anasema yuko sawa." Nilikuja kujua baadaye, nilipompa mtu mwingine zile rekodi azisikilize.

Ridhaa isome polepole, na usishangae akiogopa kuweka saini. Karatasi zimewahi kuwanyang'anya watu viwanja. Kidole gumba kinatosha, au ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa kama kibali chako kinaruhusu.

Umri usiuulize kwa namba. Tengeneza kalenda ya matukio ya mahali hapo. Kwa Muleba mimi hutumia Uhuru wa 1961, Azimio la Arusha la 1967, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016. "Wakati wa Uhuru ulikuwa umeshaolewa?" "Vita ilikukuta na watoto wangapi?" Kalenda hiyo hiyo itakusaidia kujua mjukuu alifika lini. Ila MV Bukoba itaje kwa uangalifu, kwa sababu unaweza kuwa umemtaja mume wake.

Kumtafuta "mimi"

Rudi kwenye sahani. Usiulize "mlikula nini?" wala "chakula kinatosha?" Uliza: "Jana usiku, sahani yako wewe ilikuwa na nini?" Kisha: "Nani alipakuliwa kwanza? Nani mwisho?" Kisha: "Chungu kilipofika kwako kilikuwa na nini?" Maswali matatu, dakika mbili, na utajua zaidi kuliko jedwali zima la makundi ya vyakula. Akijibu "tulikula", usimkatishe. Acha amalize, halafu useme kwa upole, "Na wewe bibi?" Mara ya pili, "wewe mwenyewe?" Mara ya tatu usiulize. Heshima yake ni kubwa kuliko takwimu yako.

Pesa nayo ulizia vitu. Wiki iliyopita ulinunua chumvi? Sabuni? Daftari? Pesa ilitoka wapi? Ada ya shule imefutwa tangu 2016, lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula havikufutwa. Uliza pia kitu kimoja ambacho amejinunulia mwenyewe. Wengi watafikiri muda mrefu. Muda huo uandike.

Halafu mpitishe kwenye siku ya jana, tangu alipofungua macho. Aliamka saa ngapi, nani aliwasha moto, nani alichota dumu la lita 20, nani alibeba mkungu. Jana tu, siyo "kwa kawaida". Ukisema "kwa kawaida" anakusimulia siku ya bibi mwema. Ukisema jana, anakusimulia jana.

Kwa hali ya moyo mimi hutumia kile kipimo kifupi cha Shirika la Afya Duniani chenye sentensi tano, WHO-5. Kila sentensi ina alama 0 hadi 5, kwa wiki mbili zilizopita. Unajumlisha, unazidisha kwa 4, unapata namba mpaka 100. Chini ya 50 ni ishara ya kumtazama mtu kwa karibu. Ni kipimo kizuri kwa sababu ni kifupi na hakimtukani mzee kwa maswali ya wazimu. Lakini "mara nyingi", "zaidi ya nusu ya muda" na "chini ya nusu ya muda" ni maneno ya ofisini. Nilichofanya ni maharage matano juu ya mkeka. Kama hali hiyo ilikuwepo wakati wote, yasogeze yote kwako. Kama haikuwepo kabisa, usiguse. Wanaelewa mara moja. Bibi mmoja alipomaliza sentensi ya tano aliyakusanya akayatia kwenye ungo wake. "Haya yamefanya kazi, yapumzike." Nenda na maharage ya akiba.

Sasa angalia jambo hili. Sentensi moja ya WHO-5 inahusu kuamka ukiwa umepumzika. Bibi mmoja, mchangamfu, aliyenipokea kwa wimbo, alikuwa amesogeza maharage manne, manne, matatu, kisha kwenye hiyo akakunja mikono. Sifuri. Mkalimani akanitazama kama anayesema, umeona, ana huzuni ya ndani. Nikauliza kwa nini. Bibi akainuka, akanishika mkono, akanipeleka chumbani. Kitanda kimoja cha futi tatu na nusu. Analala yeye ukingoni, mjukuu wa miaka minne katikati, wa miaka saba ukutani. Wa katikati anapiga teke na wa ukutani anakojoa. Kila usiku bibi anaamka mara mbili, anamwinua mtoto, anaweka kanga kavu juu ya godoro, analala tena palipobaki. "Nani ataamka amepumzika hapo?" akaniuliza. "Wewe ungepumzika?"

Nikaandika pembeni mwa dodoso: *kitanda*. Kumbuka neno hilo.

Hesabu inayokwenda pande zote mbili

Watafiti tunapenda neno "mzigo". Ukiingia na neno hilo utatoka nalo, maana mzee mwenye adabu atakupa ulichokuja kukitafuta. Kwa hiyo kwa kila swali la anachompa mjukuu, weka swali la anachopewa. Nani anachota maji? Nani anasoma ujumbe kwenye simu? Nani anakwenda kwa wakala kutoa pesa, na namba ya siri anaijua nani? Bibi mmoja aliniambia namba yake ya siri iko kichwani mwa mtoto wa darasa la nne, yeye hata haijui, na "akifa yeye kabla yangu nimekwisha". Alicheka aliposema. Hiyo ni taarifa ya usalama wa fedha, ya upendo, na ya woga, kwa sentensi moja, na hakuna kisanduku cha kuiweka. Iandike kama alivyoisema.

Kuna swali ambalo lazima liulizwe na ambalo hakuna anayependa kuliuliza: ukiondoka, watoto hawa watakwenda kwa nani? Usilitupe mwanzoni, na usilifanye la mwisho. Ukilifanya la mwisho unafunga daftari, unapanda bodaboda, unamwacha bibi na kaburi lake. Liweke kwenye robo ya mwisho, ukae naye, halafu umalizie na jambo la kumrudisha mchana: mjukuu huyu amekuchekesha na nini wiki hii? Sijawahi kukosa jibu.

Wajukuu wakihojiwa, wahojiwe peke yao lakini mahali wanapoonekana, kwa ridhaa ya mlezi na kwa kukubali kwao wenyewe. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Watoto wanasema "bibi" kwa nafsi ya umoja bila shida yoyote. Mtoto ndiye aliyenipa sahani mbili. Lakini usimgeuze mtoto kuwa shahidi dhidi ya bibi yake. Alichokwambia usikirudishe kwa bibi kwa njia ya swali.

Na uwe umeamua kabla, siyo uwandani, utafanya nini ukikuta baya. Ukipima presha ukakuta 200 kwa 110, hufungi mkoba ukaenda nyumba inayofuata. Uwe na namba ya mganga wa zahanati na nauli ya kumfikisha. Ukikuta mtoto anapigwa au anachezewa, kuna ustawi wa jamii wa halmashauri na kuna simu ya bure 116. Ukikuta bibi ndiye anayepigwa, na mtoto wake aliyerudi mlevi kutoka mjini, usiandike tu "migogoro ya kifamilia".

Msimu utakuchezea. Dodoso la Januari litajaa sare za shule, la Novemba litakuta watu wana senene, wale panzi wa kuliwa, na wanacheka. Andika tarehe, mvua, na kama migomba ya kijiji hicho imeshikwa na ugonjwa wa mnyauko, kwa sababu ndizi zikifa bibi anakonda kabla ya mjukuu. Ukiweza, rudi mara mbili kwa mwaka.

Kuandika, na kurudi

Kwenye jedwali lako tenga safu mbili: alichosema kwa "sisi" na alichosema kwa "mimi". Ni kazi ya kuchosha, inabidi usikilize rekodi upya, lakini utaona mahali ambapo hizo safu mbili zinaachana, na hapo ndipo pa kuandikia ripoti. Yale ya pembeni, yenye penseli, yaingize kwenye kompyuta siku hiyo hiyo kabla ya kulala. Nasema hivi kwa sababu sikufanya.

Tuliporudi kusoma matokeo kijijini, ofisi ya kijiji ilijaa, mabibi mbele, mababu ukutani. Mwenzangu akasoma kwa sauti nzuri kwamba wazee wanaolea wameonekana kukosa usingizi kutokana na huzuni na mawazo. Yule bibi wa wimbo akanyoosha mkono. Akasimama, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Mwanangu, wewe niliyekupeleka chumbani. Mimi silali kwa huzuni? Mimi silali kwa teke."

Ukumbi ukaangua kicheko, na bibi mwingine akasema na yeye, na wa tatu, vitanda, mikojo, godoro lililoisha, chandarua kimoja kwa watu wanne. Ile *kitanda* yangu ilikuwa imebaki pembeni mwa karatasi, kwenye boksi, Bukoba. Kwenye kompyuta ilikuwa imeingia 0 peke yake.

Tulikuwa na nakala kumi na mbili za muhtasari. Tukaketi palepale, mimi na mwenzangu, tukakata ile sentensi kwa kalamu kwenye nakala zote na kuandika juu yake walichosema, wakisubiri. Mtendaji akazisoma moja moja, akagonga muhuri juu ya marekebisho.